Sura ya Tano: Karatasi Yenye Nafasi Wazi

Siku tano kabla ya kupigwa risasi, Maria da Penha Maia Fernandes alitakiwa na mumewe aweke saini kwenye karatasi. Ilikuwa hati ya kuuza gari lake, na mahali pa kuandika jina la mnunuzi palikuwa wazi. Kabla ya hapo, mume huyohuyo alikuwa amemng'ang'aniza akate bima ya maisha, na wa kulipwa mke akifa awe yeye. Ukiziweka karatasi hizo mbili mezani leo, unasoma jambo zima. Mwaka 1983, ndani ya nyumba, zilipita kama shughuli za kawaida za mume na mke: baba ndiye anayejua mambo ya makaratasi, mama aweke saini hapo chini.

Wengi wanaolijua jina la mama huyu wa Brazili wanaijua risasi, wanakijua kiti cha magurudumu, na wanaijua sheria inayoitwa kwa jina lake. Kati ya risasi na sheria kuna miaka 23. Sura hii inaipitia miaka hiyo kwa kufuata karatasi zake: alizotakiwa kusaini, alizoziandika mwenyewe, na zile zilizolala mahakamani hadi kukaribia kuoza. Madaktari waliuokoa uhai wake. Maisha yenyewe aliyajenga upya kwa kalamu, na ilimchukua muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyostahili kusubiri.

Kijiko na kata

Fortaleza ni mji wa pwani, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Uko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, usawa uleule wa Mombasa, ila mbele yake ni Atlantiki. Mikorosho inayojaza mashamba ya Mtwara na Kilifi asili yake ni pande hizo. Wareno ndio walioivusha bahari. Hapo ndipo Maria da Penha alipozaliwa mwaka 1945, na hapo ndipo alipohitimu masomo ya famasia mwaka 1966. Baadaye alikwenda São Paulo kusoma shahada ya uzamili. Kazi yake ilikuwa ya maabara: kuchunguza sampuli, kuandika kilichoonekana, kutia tarehe.

Mwaka 1974, huko São Paulo, alikutana na Marco Antonio Heredia Viveros, Mkolombia aliyekuwa akisomea uchumi. Wakati huo, kwa maelezo ya Maria da Penha mwenyewe, alikuwa mtu mpole, mwenye adabu, anayependwa na marafiki. Walioana mwaka 1976, wakapata binti, wakahamia Fortaleza, wakapata mabinti wengine wawili. Mume alipopata uraia wa Brazili na kazi ikashika, akageuka. Hasira zikawa za kila siku, na watoto wakawa wanapigwa kama mama yao. Kila baada ya kipigo ilikuja toba, na baada ya toba kipigo kingine. Duara hilo tumelieleza katika sura ya pili. Hapa inatosha kusema kwamba elimu ya mama huyu haikumkinga nalo.

Wabrazili wana methali isemayo kwamba katika ugomvi wa mume na mke, hakuna anayetia kijiko. Sisi tunasema siri ya mtungi aijuaye kata. Kule kijiko, huku kata: jamii mbili zilizotenganishwa na bahari ziliingia jikoni kutafuta mfano, na zote zikatoka na neno linalomwambia jirani abaki mlangoni.

Mahakama nazo zilibaki mlangoni. Mwishoni mwa mwaka 1976, Ângela Diniz, mwanamke maarufu katika jamii ya matajiri, aliuawa kwa bastola huko Búzios na mwanamume aliyekuwa akiishi naye, Doca Street. Katika kesi ya kwanza, mwaka 1979, wakili wake alidai kwamba mteja wake alikuwa akiilinda heshima yake. Doca Street alipewa kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa, akatoka mahakamani akitembea. Wanawake waliandamana, kesi ikarudiwa mwaka 1981, na safari hii alihukumiwa miaka 15. Hata hivyo, hoja ya kuua kwa ajili ya heshima iliendelea kusikika katika mahakama za Brazili kwa miongo mingine. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliifungia mlango moja kwa moja mwaka 2023 tu. Maria da Penha alilala usiku ule wa Mei 1983 katika nchi ambayo heshima ya mwanamume ilikuwa bado inahesabiwa kuwa utetezi.

Pingili ya tatu na ya nne

Tarehe 29 Mei 1983 alipigwa risasi mgongoni akiwa usingizini. Mumewe aliwaambia polisi kwamba wezi walivamia nyumba. Uchunguzi haukukubaliana na hadithi hiyo, na bunduki aliyosema hana ilipatikana humohumo nyumbani.

Risasi iliharibu pingili ya tatu na ya nne za kifua. Ilichana utando unaoufunika ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni, na kuharibu theluthi yake upande wa kushoto. Lugha hii ya hospitali inahitaji kufunguliwa, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo maisha ya kila siku ya mtu anayenusurika risasi ya mgongo.

Fahamu za mikono huchomoza sehemu ya juu, kuanzia shingoni, kwa hiyo mikono ya Maria da Penha ilibaki kuwa yake. Kutoka kifuani kwenda chini, mwili ukawa kama chumba kisicho na kengele. Mtu wa namna hiyo hujifunza upya kukaa, maana misuli ya tumbo inayotuzuia tusianguke haipokei tena amri. Hujifunza kuhama kutoka kitandani hadi kitini kwa nguvu za mabega. Huhitaji kugeuzwa usiku, saa kwa saa, kwa sababu ngozi iliyolaliwa muda mrefu hufanya kidonda, na yeye hasikii maumivu ya kumwamsha. Maji ya moto yanaweza kumuunguza mguu huku akiendelea kuzungumza. Kibofu na utumbo huhitaji ratiba. Hakuna aibu katika hayo, lakini kila moja linahitaji mtu wa kusaidia, na msaidizi huyo lazima awe wa kuaminika.

Hapo ndipo kisa kinapotisha kuliko usiku wenyewe wa risasi. Baada ya miezi minne ya hospitali na upasuaji mara mbili, Maria da Penha alirudishwa nyumbani, kwa mtu yuleyule. Hadithi ya wezi ilikuwa bado haijavunjwa rasmi. Mume alimfungia ndani siku 15, na katika siku hizo akajaribu kumuua kwa umeme alipokuwa akioga. Nyumba nyingi za Brazili zina bomba la kuogea lenye kifaa cha kuchemsha maji kwa umeme pale juu, na hitilafu ndogo ya nyaya ingetosha kuitwa ajali.

Alitoka. Namna alivyotoka inafaa kukumbukwa na kila familia yenye binti katika nyumba ya namna hiyo: ndugu zake hawakuja kumbeba kwa pupa. Kwanza walitafuta msaada wa kisheria wa kutengana, ili akiondoka asije akaambiwa ametelekeza nyumba na kunyang'anywa watoto. Karatasi ilitangulia, kisha kiti cha magurudumu kikapita mlangoni, na mabinti watatu pamoja nacho.

Tahadhari hiyo ina sababu. Wanaofanya kazi na manusura wanajua kwamba kipindi cha kuondoka, na majuma yanayokifuata, ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote. Bunduki huzidisha hatari hiyo. Utafiti mkubwa uliofanywa katika miji 11 ya Marekani na kutolewa mwaka 2003, ukiongozwa na Jacquelyn Campbell, ulionyesha kwamba mwanamke anayepigwa huwa katika hatari ya kuuawa takriban mara tano zaidi pale mpigaji anapoweza kupata bunduki. Ngumi inaweza kudakwa na mkono wa jirani, na hata kisu humpa mtu nafasi ya kukimbia. Risasi hairudi, na haihitaji mlengwa awe macho.

Miaka kumi na tisa na nusu

Mashtaka yalifunguliwa mwaka 1984. Mwaka uliofuata São Paulo ilifungua kituo cha kwanza cha polisi nchini humo kwa ajili ya wanawake. Maria da Penha alikuwa ameshatoa maelezo yake kabla hakijakuwepo. Kesi ya kwanza mbele ya jopo la raia ilisikilizwa mwaka 1991, miaka 8 baada ya tukio. Heredia alipatikana na hatia, akakata rufaa, akaondoka akiwa huru. Hukumu ikafutwa. Kesi ya pili ilisikilizwa mwaka 1996: hatia tena, miaka 10 na miezi 6. Mawakili wakadai kulikuwa na kasoro za utaratibu, na mtu akaondoka tena akiwa huru. Yeye ameendelea kukana siku zote.

Waliowahi kungoja kesi wanajua kungoja huko kunavyokula mwili. Huwezi kulifunga jambo, wala huwezi kulisahau, kwa sababu wakati wowote utaitwa ulisimulie upya, mbele ya watu wapya, kwa usahihi uleule wa tarehe na saa. Ukikosea siku moja, unaambiwa mwongo. Wakati huohuo watoto wanakua, ada inadaiwa, na mtu aliyekupiga risasi ananunua mkate madukani kama mtu mwingine yeyote.

Kati ya kesi hizo mbili, Maria da Penha alifanya jambo ambalo naliona ndilo kiungo cha maisha yake. Mwaka 1994 alitoa kitabu. Jina lake kwa Kireno ni *Sobrevivi... posso contar*, yaani nimenusurika, naweza kusimulia. Alisimulia ndoa, risasi, kufungiwa na bafu, akaeleza pia jinsi kesi ilivyokwenda. Mtu wa maabara alirudi kwenye kazi yake: akaandika kilichoonekana, akatia tarehe.

Tunapenda kusema kwamba kusimulia huponya. Ni kweli, ila neno hilo limechakaa kwa kusemwa na watu ambao hawakusimulia chochote. Kusimulia peke yake kungeweza kubaki kilio cha faragha. Kitabu hiki kilifanya zaidi ya kumtuliza mwandishi wake, kwani kilifika mikononi mwa wanasheria. Mwaka 1998, Maria da Penha pamoja na mashirika mawili ya haki, CEJIL na CLADEM, waliwasilisha malalamiko Washington, kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Safari hii aliyeshtakiwa alikuwa nchi ya Brazili yenyewe, kwa kosa la kutomaliza kesi.

Tume iliiandikia serikali ya Brazili. Serikali haikujibu. Ikaandika tena, bado kimya. Mwaka 2001 Tume ilitoa ripoti namba 54/01 na kuitia Brazili hatiani kwa uzembe na kwa kuvumilia ukatili dhidi ya wanawake. Ilikuwa mara ya kwanza Tume hiyo kuutumia Mkataba wa Belém do Pará wa mwaka 1994, unaohusu ukatili dhidi ya wanawake, katika kesi ya namna hiyo. Fikiria ukubwa wa mzunguko huo: ili mtu wa Fortaleza asikilizwe Fortaleza, ilibidi sauti yake ipite Washington.

Heredia alikamatwa mwaka 2002, miezi michache tu kabla muda wa kisheria wa shauri haujaisha. Miaka 19 na miezi 6 ilikuwa imepita. Alikaa gerezani takriban miaka 2 kabla ya kulegezewa kifungo. Msomaji anayetafuta mizani iliyolingana hataipata hapa, na Maria da Penha hakuipata pia. Kiti chake hakikulegezewa.

Sheria iliyojua karatasi

Tarehe 7 Agosti 2006, Rais Luiz Inácio Lula da Silva alisaini Sheria namba 11.340. Mashirika ya wanawake yalikuwa yamefanya kazi ya rasimu yake tangu 2002. Ukiisoma unaona kwamba iliandikwa na watu waliowahi kukaa kwenye mabenchi ya vituo vya polisi.

Kabla yake, kesi nyingi za kupiga mke ziliingizwa kwenye mahakama za makosa madogo, na mara nyingi ziliisha kwa mwanamume kununua kapu la vyakula likatolewa sadaka. Mchele, maharage, mafuta, kesi imekwisha. Sheria mpya ilipiga marufuku adhabu hiyo. Ilimtaka polisi apeleke ombi la ulinzi kwa hakimu ndani ya saa 48, na hakimu aamue ndani ya saa 48. Ilimpa hakimu uwezo wa kumzuilia mpigaji silaha yake na kumwondoa nyumbani, aondoke yeye badala ya mama na watoto kukimbia na mabegi usiku. Ililinda hata ajira ya manusura: akilazimika kuwa mbali na kazi kwa ajili ya usalama wake, ajira yake inaweza kushikiliwa hadi miezi 6.

Kuna kifungu kidogo nakipenda kuliko vyote. Kinasema mlalamikaji haruhusiwi kumpelekea mshtakiwa wito wa mahakama. Aliyewahi kukabidhiwa barua kwenye ofisi ya mtaa ampelekee yeye mwenyewe mtu anayemlalamikia, anajua kwa nini mstari huo ulihitajika. Umepigwa, umekusanya ujasiri wa miaka, umekwenda kusema. Kisha unarudi kwenye mlango uleule na bahasha mkononi.

Sheria hiyo inataja aina tano za ukatili: wa mwili, wa nafsi, wa kingono, wa mali, na wa kuchafuliwa jina. Kwenye ukatili wa mali imeandikwa kwamba kuzuia au kuharibu nyaraka binafsi za mwanamke ni sehemu ya ukatili huo. Nilipofika hapo nilirudi kwenye hati ile ya gari, ile yenye nafasi wazi. Mwaka 1983 haikuwa na jina katika lugha ya mahakama. Mwaka 2006 likapatikana: ukatili.

Mengine yalifuata. Mwaka 2008 jimbo la Ceará, anakotoka Maria da Penha, lilimwomba radhi na kumlipa fidia ya reais 60,000. Mwaka 2009 ilianzishwa taasisi yenye jina lake, ya kufundisha sheria hiyo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba kesi ya kujeruhi mke inaweza kuendelea hata mke akishindwa au akiogopa kuisimamia. Kijiko kikaingia mtunguni kwa amri ya mahakama. Mwaka 2019 sheria iliongezewa agizo kwa polisi: mama akija kulalamika, wakague kama mpigaji ana silaha iliyosajiliwa, na hakimu aamuru ichukuliwe.

Ambayo karatasi haiwezi

Ningedanganya nikiishia hapo. Wanawake bado wanauawa Brazili, na mwaka 2015 nchi ililazimika kuyatungia mauaji ya mwanamke kwa sababu ya uanamke wake sheria ya peke yake. Amri ya hakimu haina miguu. Bila askari wa kuipeleka inabaki kwenye droo. Tanzania nayo inalijua hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Imesema hivyo kwa zaidi ya nusu karne, na bado tunasuluhisha sebuleni.

Hata kujijenga upya hakufiki mahali pakasemwa pamekwisha. Mwaka 2024, Maria da Penha akiwa na miaka 79, jimbo la Ceará lilimweka chini ya ulinzi, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakieneza mitandaoni kwamba risasi ile haikuwa ya mumewe, wakimtisha na kumtukana. Hadithi ya wezi, iliyovunjwa na wachunguzi na kukataliwa na majopo mawili ya raia, ilifufuliwa miaka 41 baadaye na watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa usiku ule. Waliofikiri manusura husimulia mara moja wakapumzika, walipata jibu lao hapo.

Ndiyo maana manusura wanaoniuliza waanzie wapi siwaambii waanze kwa kusamehe, wala kwa kuwa jasiri. Nawaambia waandike tarehe. Fomu ya polisi, cheti cha daktari, picha ya jeraha, ujumbe wa vitisho: nakala moja iwe kwa dada au rafiki, nje ya nyumba, mahali ambapo mpigaji hafiki. Huenda mwaka huu hakuna atakayeisoma. Karatasi za Fortaleza zilisubiri karibu miaka 20, lakini zilikuwepo siku zilipoitwa.

Mwaka uleule wa 2024, jimbo la Ceará lilitangaza kuichukua nyumba aliyopigiwa risasi ili iwe makumbusho. Chumba kile kitafunguliwa, na watoto wa shule watapita wakisoma ukutani yaliyotokea humo. Nyumbani kwao Brazili watu hawataji namba 11.340. Mama aliyefika kituoni na jicho lililovimba anataja jina tu, Maria da Penha, na karani anajua ni fomu ipi ya kuchomoa. Juu ya fomu hiyo pana nafasi wazi. Hapo mama anaandika jina lake mwenyewe.